Vituo Katikati ya Wimbo

4 Machi

Baba,

Shikamoo. Kifua kinasemaje? Mimi mzima, ila miguu. Huku kwenye kiwanda cha kufulia tunasimama kutwa, na mashuka ya hoteli hayaishi.

Nimenunua filimbi ya bati, ya matundu sita kama yako. Sina mwalimu, najifundisha nikitoka kazini. Nikipuliza kwa nguvu inapiga kelele kama birika, nikipuliza taratibu haitoi kitu. Jirani amegonga ukuta mara mbili. Lakini ule wimbo wako lazima niujue. Wewe unasema huwezi tena kuupiga, basi nataka nikupigie mimi, ungali unasikia.

Binti yako

19 Machi

Binti yangu,

Marahaba. Kifua kipo, tunavumiliana. Vumbi la unga la miaka ishirini kinuni haliondoki kwa dawa ya wiki mbili.

Usipulize, pumua tu ndani yake. Vidole vilale bapa. Ukitumia ncha, hewa inapenya. Huyo jirani mwambie apige makofi, aache ukuta.

Baba yako

30 Mei

Baba,

Shikamoo. Habari za tangu siku zile? Nisamehe kwa kimya. Nilipewa zamu mbili mbili, nimechoka hata kushika kalamu.

Nimetuma rekodi kwenye simu ya shangazi. Ni wimbo mzima, pamoja na vile vituo vyako vitatu vya katikati, sikuruka hata kimoja. Sema kweli, usinionee huruma.

Binti yako

11 Juni

Binti yangu,

Marahaba. Shangazi yako ameniwekea mara nne. Vidole safi. Nilicheka, kisha nikalia, sikufichi.

Wimbo ule hauna vituo, mwanangu. Unakwenda moja kwa moja. Pale nilikuwa naishiwa pumzi. Ulikuwa darasa la tatu, na sikutaka wewe na mama yako mjue, mngenitoa kinuni.

Wewe pumzi unazo. Piga bila kusimama.

Baba yako

15 Juni

Baba,

Shikamoo. Nimejaribu bila vituo. Naweza, lakini sikuupenda. Miaka yote ile nimekaa mbele yako nikidhani ni madoido, kumbe unatafuta hewa. Nimekasirika, na sijui nimkasirikie nani.

Msimamizi amenipa ruhusa, kwa kununa. Alhamisi nitafika. Usifagie, usiteke maji, usinipikie. Kaa tu.

Binti yako