Kaushio Chini ya Turubai

Jumatatu, 10 Machi 2025

Zabibu zinaoza Hombolo. Nimeziona leo, nyuki wamejaa. Mnunuzi wa mvinyo kachukua alichotaka, kaondoka. Kikundi cha wakulima sasa kinataka kuuza zabibu kavu. Jumamosi wanaamua kama wakope waagize makaushio ya jua kutoka nje. Mama Ursula, mwenyekiti, kanipa kazi ya kuandika mpango wa biashara. Anataka uhakika — maneno matamu keshayasikia kwa muuzaji wa hayo makaushio.

Nitaanzia kwenye hataza. Mvumbuzi akitaka kifaa chake kilindwe, sharti akichore na kukieleza. Michoro yote iko mtandaoni, wazi!

Jumanne, 11 Machi

Kutwa kwenye kompyuta. Nimepanga hataza za makaushio mwaka kwa mwaka, nikachora grafu. Inapanda, halafu inashuka. Maombi mapya karibu yote ni ya makaushio yenye feni na betri. Yale masanduku ya kawaida, ya trei na kioo — muda wa kulindwa umekwisha, au wenyewe wameacha kulipia. Hapa kwetu hata hayakusajiliwa. Kwa hiyo tutengeneze wenyewe! Mkopo wa nini? Nimefurahi hadi nikasahau kula.

Halafu nikafungua mchoro mmoja wa zamani. Trei za mshazari, bomba la hewa nyuma, mlango ubavuni. Kaushio hili nalijua. Liko Ipagala, nyuma ya karakana ya baba mdogo Yotham, chini ya turubai.

Alhamisi, 13 Machi

Nimemwambia.

Nilimkuta anachomelea geti. Shikamoo, marahaba, kisha akaniuliza moja kwa moja: hataza yake imefikia wapi? Anajua namfuatilia usajili. Kaushio kalibuni mwenyewe, kwa kichwa chake, na misimu yote hii kalificha ili Stanley, fundi wa ng'ambo ya barabara, asiige.

Nikamwonyesha mchoro kwenye simu. Akaukuza kwa vidole. Akauliza kama huyo mtu yu hai. Nikasema sijui, ila haki yake ilishakwisha, na kitu kilichokwisha kuchapishwa hakisajiliwi tena kwa jina jingine.

"Kwa hiyo hata Stanley anaruhusiwa kulitengeneza."

Hata Stanley, baba, nikamjibu.

"Na Jumamosi utawaambia watu?"

Nikasema imo kwenye ripoti. Akashusha kioo cha usoni, akarudi kwenye geti lake. Hakuniaga.

Naumia. Nikiutoa ukurasa ule mmoja wa mchoro, kazi yote itakuwa yake na hakuna atakayejua. Lakini fundi mmoja hawezi kuwatengenezea wote kabla ya mavuno kuisha. Na zabibu zinaoza.

Jumamosi, 15 Machi

Naandika hapa hapa mkutanoni, darasani Hombolo. Ukurasa sikuutoa. Muuzaji kamaliza kusema, kapigiwa makofi. Watu wameshaanza kuuliza pa kusaini mkopo. Baada yake ni mimi.

Nje kuna guta limesimama. Wote tumegeuka dirishani. Wanaume wawili wanashusha kaushio, halina turubai. Upande mmoja kashika baba mdogo, na koti lake la kanisani. Upande wa pili kashika Stanley.

Baba mdogo hatazami huku. Anamwonyesha mwenzake mlango wa ubavuni unavyofunguka.

Mama Ursula ananiita mbele