Mtani Aliyevaa Kofia ya Baba

Mjukuu wangu Neema,

Hapa ughaibuni, Kings Heath, tu wazima. Mama yako ametoka zamu, amelala. Unauliza kama ni vibaya kupiga muziki ule wa wapigaji watatu, uliotokana na tenzi za kale za Waslavi, unaotoka kilio ukaingia ngoma ghafla, wakati babu yako ndiyo kwanza tumemzika.

Baba yangu alipofariki kule Handeni, nikiwa msichana, mtani wetu alikuja kuchekesha wafiwa, kama ilivyo desturi ya utani. Alivaa kofia ya marehemu, akachechemea kama yeye, akamwambia mama yangu: "Mama Esta, kufa kunachosha! Chai iko wapi?"

Mama alikuwa hajalia hata kidogo. Akacheka mpaka akashika ukuta, ndipo machozi yakamtoka.

Piga vyote viwili, kilio na ngoma, mwanangu. Nitakuja kusikiliza. Mimi bado sijamlilia babu yako.

Bibi yako