Ndizi Nilizofunga kwa Masale

Old Moshi, Jumamosi asubuhi

Mama yangu mpenzi,

Kabla sijakuamkia, ngoja nikueleze alichofanya mjukuu wako sasa hivi. Ameokota ndizi mbichi kwenye ungo, akaiweka sikioni, akazunguka nayo uani, mkono mmoja kiunoni, anasema, "Haloo mteja! Mzigo umefika?" Akanyamaza kama anasikiliza vile. Akaitikia, "Haya, asante," halafu akaing'ata simu yake. Utomvu ukambana mdomo, akanijia analia kana kwamba mimi ndiye niliyemng'ata. Sasa nimembeba mgongoni, kwa hiyo ukiona mwandiko unapanda na kushuka ujue ni Aika anacheza.

Shikamoo Mama. Na shikamoo nyingine ni ya Aika, ingawa yeye bado anasema "kamoo". Mguu unaendeleaje? Ile dawa ya kuchua unaipaka, au umempa jirani? Nakujua. Alizeti mmemaliza kuvuna? Sisi wazima, ila baridi ya huku bado sijaizoea, nalala na soksi. Baba Aika yuko mlimani, amebeba mizigo ya wageni, atashuka keshokutwa. Huko aliko simu haishiki, na wiki hii ndiyo nilimhitaji kuliko wiki zote.

Nimeandika kwenye karatasi kwa sababu baba mdogo kila nikimpigia anaweka spika, na mambo ya leo si ya kusikiwa na foleni nzima ya pale kwenye mashine yake ya kusaga. Rehema mdogo wangu, wewe unayemsomea Mama, soma polepole, wala usiruke.

Mama, unakumbuka nilivyokuambia mama mkwe alivyonilea nilipojifungua? Miezi mitatu sikugusa jembe wala ndoo. Kila siku mtori. Zile ndizi zao zinazoitwa mchare anazimenya, anazipika na nyama, anaziponda mpaka zinakuwa laini kama uji mzito, na anakaa mbele yako mpaka bakuli liishe. Nilinenepa mpaka kanga ikawa haizunguki. Huku mwanamke akizaa, mama yake au mama mkwe wake akimpikia mtori, amemwambia kila kitu. Asipompikia, pia amemwambia.

Sasa nina rafiki yangu huko chini Pasua, Mama Jeni, anauza mitumba ya watoto. Mezani kwake hakuna watu lakini mzigo unaisha, kwa sababu anauzia kwenye simu. Siku moja akaniambia, "Wewe Yunisi, wanawake wa huku waliozalia Dar wanalilia mtori. Mchare unaofika kule umepigwa jua njia nzima. Wewe zimejaa nyuma ya nyumba, unampa ng'ombe!" Akanifungulia ukurasa, tukauita Mtori wa Mzazi.

Picha yangu ya kwanza, Mama, ilikuwa aibu. Nilipiga zizini. Mtu akaandika, "Dada, unauza ndizi au mkia?" Nikataka kufuta kila kitu. Mama Jeni akasema usifute, mjibu. Nikamjibu, "Mkia si wa kuuza, ndizi zipo." Yule yule akawa mteja wangu wa kwanza. Tangu hapo najifunza. Napiga picha mlangoni asubuhi, mwanga ukiwa mpole. Ndizi zikiwa hazijakomaa nasema hazijakomaa. Mtu wa mtandaoni hakuoni macho, anakupima kwa unavyojibu. Mimi wa darasa la saba nawajibu watu wa ofisini, na wananiita dada.

Lakini ndizi si zangu. Huku ndizi za kihamba, yaani lile shamba linalozunguka nyumba, ni za mama mwenye nyumba. Hata baba Aika hakati mkungu bila kumuuliza mama yake. Nilipoenda kumwomba, mama mkwe alifikiri, akasema, "Kata. Ila heshima ya nyumba hii usiipeleke sokoni."

Siku nyingine nikamwomba nimchukue video akimenya.

"Mikono yangu ya nini? Haina hata mafuta. Jipige wewe kijana."

"Mama, mikono ya kijana haijui kumenya."

Akacheka. "Haya. Lakini uso wangu usiutoe, mimi ni mzee wa kanisa."

Nikatoa mikono tu. Ana kidole kimoja kimepinda, kile alichokatwa na mundu zamani akikata majani ya ng'ombe. Watu waliipenda ile video kuliko zote. Nilianza kuweka hela pembeni kwa nauli yako, Mama, uje umwone Aika kabla hajaacha kuwa mtoto.

Sasa sikia kosa langu.

Mifuko ya plastiki inaharibu picha. Nikatafuta kitu kizuri cha kufungia vichane. Pale mpakani na jirani kuna mmea umepandwa mstari, majani marefu, ya kijani, magumu kama mkanda. Wanauita sale. Kwetu jani ni jani. Nikakata masale mengi, nikafunga ndizi za wateja wanne, nikaweka na kafundo ka urembo juu. Nikapiga picha, ikatoka nzuri ajabu. Mizigo nikaipeleka basini.

Kesho yake mteja mmoja akanitumia sauti, anacheka: "Dada, mbona umenifungia sale? Umenikosea nini? Ndizi zimeoza?" Sikuelewa. Nikashuka Pasua kumwonyesha Mama Jeni ile picha. Akashika kichwa. "Yelewi! Yunisi! Nani amekuruhusu?"

Ndipo akanieleza. Kwa Wachagga sale si jani la kufungia kitu. Ndilo mpaka wa shamba, ndilo linapandwa kaburini, na mtu akikukosea kabisa, kosa ambalo mdomo hauwezi kuliombea msamaha, anakuletea sale limepigwa fundo. Ukilipokea umesamehe. Na kulikataa ni jambo zito, wazee wanaliogopa. "Wewe umewaomba msamaha watu wanne," akasema, "na hata hujui kosa."

Nikadhani ni la kucheka. Jioni ile ile simu ikaita, namba ya mteja wa tatu, yule aliyeagiza bila kuandika jina, aliyeandika tu "mzazi, Dar". Nikasema, haloo mteja. Nikasikia mtu analia.

"Wewe ni mke wa kaka yangu?"

Mama, alikuwa wifi Manka, dada yake baba Aika. Yule niliyekuambia sijawahi kumwona, ambaye hata Krismasi, Wachagga wote wakipanda kurudi nyumbani, yeye haji. Miaka minne iliyopita alizaa Dar kabla hajaolewa. Akamtumia mama yake ujumbe aje amlee uzazi. Mama mkwe akajibu kwamba ng'ombe ana mimba, hawezi kutoka. Haikuwa ng'ombe, ilikuwa aibu ya kanisani. Manka akapikiwa na jirani, akasema basi, mimi sina mama. Hawajaongea tena. Hilo jina hapa ndani halikutajwa, nililipata kwa baba Aika.

Sasa amezaa wa pili. Ananyonyesha huku anaangalia simu, anaona mikono inamenya mchare. "Nilikijua kile kidole, wifi. Nikaagiza tu nile ndizi za nyumbani, sikutaka mjue. Halafu nafungua, nakuta sale. Kumbe Mama ameijua namba yangu, ameniletea sale! Mama yangu! Mwambie nimelipokea. Mwambie Jumamosi nakuja na mtoto."

  Ningemwambia ni urembo? Nikasema, "Karibu, wifi." Basi.

Sikulala vizuri. Asubuhi nikamfuata mama mkwe zizini, nikapiga magoti kwenye majani, nikamweleza lote. Alikuwa anakamua. Hakuacha. Maziwa yalivyojaa ndipo akasema, bila kunigeukia:

"Nani alikuambia mimi naomba msamaha?"

"Hakuna, Mama. Sikujua."

"Mimi mzee, nimwombe msamaha mtoto niliyemzaa?"

"Mama, naweza kumpigia nimwambie ni kosa langu."

"Sale likishapokelewa unalidai? Umekuwa mtoto wewe?" Akabeba ndoo yake. Mlangoni akageuka. "Usiguse mgomba wangu tena. Na hiyo simu usiielekeze kwangu."

Siku tatu, Mama. Anamsalimia Aika, mimi ananipita. Wateja wanaandika, "Dada vipi mchare?" nami najibu, "Samahani, kwa sasa hakuna," na migomba imeinama kwa mizigo nyuma ya nyumba. Niliogopa Manka atafika, mama yake amgeuzie mgongo, na mtoto yule mchanga mikononi, na mimi ndiye niliyewaita. Nauli yako nikaiona imerudi mbali. Kidogo niombe nirudi kwetu.

Leo asubuhi nimeamka, jiko lina moto. Mama mkwe amekaa kwenye kigoda, anamenya. Mchare karai zima, nyama imeshachemka. Nikachukua kisu nimsaidie, akakivuta.

"Hizi namenya mwenyewe."

Pembeni yake kwenye ungo kulikuwa na sale moja, bichi, lina umande bado, limepigwa fundo. Ameniona nalitazama.

"Lile lako ulilikata wapi?"

"Mpakani, Mama."

"Mpakani tunaambiana usivuke. Hili nimelikata kaburini kwa baba yake wifi yako." Akamenya ndizi mbili tatu. Nikamuuliza, kwa uoga, kama tumwambie wifi kwamba lile la kwanza halikutoka kwake. Akasema, "Nitamwambia mwenyewe. Nitamwambia mke wa kaka yako hakujua, akatuma. Mimi nilijua miaka minne, sikutuma."

Kisha akapangusa macho kwa mkono wa gauni, akasema moshi. Kuni zilikuwa kavu, Mama.

Basi nikakaa hapa kizingitini nikuandikie, kwa sababu hajanifukuza jikoni ila hajaniruhusu pia, na habari ya migomba hakuigusa. Manka amepiga akiwa stendi ya mjini, ameshuka basi la usiku na ameshapata gari la kupanda huku. Mama mkwe amejifunga kilemba cha kanisani. Mara tatu ameonja mtori, mara tatu amesema hauna chumvi, na chumvi nimemwona akitia. Aika ameshashuka mgongoni, anamfuata bibi yake na simu yake ya ndizi. Sasa hivi nimemsikia bibi akimuuliza, "Mteja wako anasemaje, amefika wapi?" Nikacheka peke yangu kama kichaa. Siku tatu hatujasikia utani humu.

Nisije nikaitwa bila kusalimia watu. Msalimie Baba, mwambie koti alilonipa ndilo linaniokoa. Msalimie baba mdogo na spika yake, usimwambie nimesema. Bibi mzaa baba mwambie Aika ana meno yake kabisa, yale ya mbele yenye mwanya. Msalimie shangazi wa kwaya, na mama mchungaji aliyenifundisha kuandika herufi za kuunga, aone zimefika wapi. Rehema, wewe nakuletea kitenge.

Mama, tuombee. Kama leo itakuwa njema, naamini nitaruhusiwa kukata mkungu Jumatatu, na wewe kabla ya Krismasi utakuwa umekaa hapa hapa kizingitini, Aika anakupigia simu ya ndizi. Kama haitakuwa

Gari limesimama. Nasikia mtoto mchanga analia getini. Mama mkwe anaita, "Mama Aika! Acha hayo makaratasi, njoo ushike mwiko upesi!" Sale ameshalichukua, na anasema nikoroge mimi, kwa sababu yeye anataka mikono yake iwe tayari kumpokea mtoto