Magamba Yasiyokufa kwa Moshi

Karatina. Jumanne, Julai 1983.

Ukungu haujainuka tangu asubuhi. Sufu niliyoianika jana bado inadondosha maji, na moshi wa kibanda cha shemeji umelala juu ya migomba, hauna haraka ya kwenda popote. Ninaandika nikiwa nimekaa mlangoni ili nimwone Nyambura pale kitandani.

Naogopa. Nimelitanguliza neno hilo ili nisije nikalizunguka ukurasa mzima.

Kazi yangu ni kutia sufu rangi. Shule niliacha darasa la saba. Kazi hii nilijifunza kwa macho, nikiosha sufu kwa mama mmoja Nanyuki ambaye hakuwahi kunifundisha kitu, alinilipa tu niinamie karai. Leo wafumaji wa Nanyuki wanangoja sufu yangu mimi. Nyumba hii ya mabati niliijenga kwa sufu. Ardhi iliyo chini yake ni ya ukoo wa mume wangu, na hilo nakumbushwa kila ninapofungua mdomo.

Rangi naitoa kwenye ile kitu inayoota kwenye magome, mawe na nguzo za ua. Kitabu cha shule kinaiita kuvumwani. Sisi tunaita ndevu ile inayoning'inia, na magamba ile ya kijivu inayolala bapa kwenye mti. Chemsha magamba na sufu, kilo kwa kilo, utapata kahawia ya manyoya ya mbweha. Huhitaji shabu wala chumvi. Dawa ya kushika imo ndani yake yenyewe. Hilo nilimwambia kila mtu, nikijisifu. Nilimwambia hata mama mkwe.

Mwaka jana Gathogo, kaka ya mume wangu, alikodisha kibanda chake cha huko juu kwa watu wa betri. Wananunua betri kuukuu za magari, wanazipasua kwa shoka, wanayeyusha risasi iliyomo na kuimimina kwenye mikebe igande. Risasi hii si ya bunduki, ni metali yenyewe, ya kijivu, nzito kuliko inavyoonekana. Upepo ukishuka, moshi wake unaingia kwetu. Nyambura, binti yangu wa miaka minne, alianza kukohoa.

Sikuelewa mapema. Nilichoona ni ua.

Ua wetu una nguzo arobaini, kutoka kwa kibanda mpaka bondeni. Zamani ndevu zilikuwa kila nguzo. Sasa nguzo ishirini za juu hazina hata unywele mmoja. Za chini zimebaki tisa zenye ndevu, zote kule bondeni. Magamba nayo yamekauka na kubanduka nguzo nyingi za juu, lakini hapa na pale kuna yaliyong'ang'ania. Hayo ndiyo niliyokuwa nikichuna mwaka huu, kwa sababu yako karibu, na msituni askari wa misitu amekuwa mkali.

Halafu rangi ikaniharibikia. Badala ya mbweha nikapata panya. Nililaumu sufuria, maana kila mtia rangi anajua msumari wenye kutu ukianguka ndani rangi inafifia. Nikasugua sufuria kwa mchanga. Nikaazima nyingine. Panya tu.

Jumapili, tukitoka kanisani, nilimwonyesha kibonge cha ile sufu Mwalimu Wanjiku, anayefundisha sayansi shule ya wasichana. Jana akaja mwenyewe. Alitembea na ua wote, juu mpaka chini, akirudi nyuma mara kwa mara, kisha tukaingia jikoni.

"Mama Nyambura, hii kitu haina mizizi," akaniambia. "Inakunywa ukungu na mvua, na chochote kilicho hewani inakimeza. Haina pa kukitapika. Ndevu ni dhaifu, moshi umeziua. Lakini haya magamba yana tindikali zake. Hizo hizo zinazokupa rangi ndizo zinashika metali na kuifungia nje, isifike ndani kuyaua."

"Basi yaliyobaki ni yale safi."

"Yaliyobaki ndiyo yamebeba sumu ya ile risasi."

Akasema rangi peke yake si ushahidi, hata kutu ingeweza kufanya vile, ila ua ule haukumpendeza. Aliniambia nisichemshe tena magamba ya juu, na maji ya kuoshea nisiyamwage karibu na mboga.

Ndipo nikamwambia habari ya kikohozi.

Mama mkwe wangu ni mtu wa dawa za majani. Ndevu za miti zimetibu vifua vya watoto wake wote, Gathogo akiwa mmoja wao. Mjukuu alipoanza kukohoa alikwenda uani kutafuta ndevu, akakosa. Akaona magamba. Alinielezea fikira yake na mimi nikaiona ina akili: moshi ndio unaomkohoza mtoto, na hiki ndicho kitu pekee moshi ulichoshindwa kukiua. Kwa hiyo kinamjua adui. Akachuna yale ya karibu kabisa na kibanda, kwa sababu hayo ndiyo yaliyopigana zaidi.

Nikampa mtoto. Asubuhi na jioni, tangu mvua za masika zilipokwisha.

"Mnachemsha na nini?" Mwalimu akauliza.

"Maji. Asali kidogo, maana ni chungu kama shubiri. Na limau."

Alikuwa ameshika kikombe cha chai. Akakiweka chini polepole.

"Limau inafungua kile magamba yamefunga," akasema. "Mpeleke hospitali kesho. Usingoje mumeo aje mwisho wa mwezi."

Usiku huo sikulala. Mambo niliyokuwa nimeyapuuza yalipanga foleni. Tumbo linalomkata mpaka anajikunja. Kutokwenda choo. Ugali anaousukuma pembeni. Uso umepauka, na mimi nikasema ni baridi ya Julai. Na juzi alisahau jina la mbuzi wake, yule aliyempa jina mwenyewe.

Kikohozi kilipungua, kweli. Ndiyo maana tuliendelea.

Leo tumekwenda Nyeri. Daktari kijana, mpole, alinisikiliza mpaka mwisho na hakucheka. Akamtoa mtoto damu, akasema hapa hawawezi kupima risasi, chupa itakwenda Nairobi. Nikamuuliza majibu ni lini. Hakujua. Nikamuuliza ikiwa iko nyingi itakuwaje. Akasema zipo dawa za kuitoa, ila si rahisi kupata, na kilichokwisha kuharibika kichwani mara nyingine hakirudi. Akaongeza: kwa vyovyote vile, mtoto asilale tena karibu na ule moshi.

Kwa vyovyote vile. Nimerudi nayo kichwani njia nzima.

Nilipita kibandani kabla ya kuingia nyumbani, mtoto mgongoni. Gathogo alikuwa kwenye kiti chake, watu wa betri wakiwa kazini nyuma yake. Nilimweleza kwa adabu. Naapa ilikuwa kwa adabu.

"Shemeji, ati sasa unasomewa habari na nguzo?" akasema, na wale wengine wakaacha shoka wapate kucheka. "Mimi nakaa hapa kutwa. Niangalie. Nimekonda?"

"Wewe si wa miaka minne."

"Na wewe si mwenye shamba. Kariuki akija tutaongea wanaume wawili."

Kariuki ni mume wangu, yuko kiwandani Thika na huja mwisho wa mwezi. Ataongea na kaka yake, ndiyo. Watakunywa, watakumbuka baba yao, na kibanda kitaendelea kutoa moshi. Nawajua. Nyumba niliyoijenga haihamishiki, lakini mtoto anahamishika.

Nikaanza kufunga nguo. Kwetu ni Tetu, kwa mama yangu, shamba la chai, hewa haina deni na mtu. Najua watakavyosema hapa: mke wa Kariuki ametoroka ndoa, amekwenda na mtoto wa watu bila ruhusa. Watanitafutia na mwanamume wa kunisingizia.

Mama mkwe akaniona kupitia mlangoni. Sikuwa nimepanga kumwambia kuhusu dawa. Ana miaka zaidi ya sabini na huyu mtoto ana jina lake. Lakini aliuliza daktari amesemaje, na mimi uongo haunikai vizuri. Nikamwambia yote, hata la limau.

Alimtazama mtoto.

"Ulisema yanashika," akasema.

"Nilisema, Mama."

"Hukuwa umekosea."

Akaondoka. Nilidhani amekwenda kwa mwanawe kunishtaki. Alirudi na kiondo chake, ndani yake shuka, kibuyu cha uji na ile Biblia yake isiyo na jalada.

"Mama, unakwenda wapi?"

"Tetu."

Nikamwambia haiwezekani. Mama wa mume haendi kulala kwa wakwe bila kualikwa, bila wazee, mikono mitupu. Mama yangu hata hatajua amkalishe wapi.

"Atanikalisha chini," akasema. "Ukienda peke yako Gathogo atasema umemwiba mtoto. Nikienda na wewe atasema nani kamwiba mama yake?" Kisha, kwa sauti ndogo: "Na sitaki kungoja hayo majibu nikiwa hapa, nikiutazama ule ua."

Sasa anasinzia kando ya kitanda, mkono wake juu ya tumbo la mtoto. Kesho, gari la kwanza, tunaondoka wote watatu. Hilo nimeamua na halibadiliki, Kariuki atatukuta huko.

Lakini woga haujapungua kwa kuwa nimeamua. Nimezoea hesabu zinazofika mwisho: kilo kwa kilo, maji mara ishirini, nguzo tisa kwa arobaini. Tangu jana napiga hii ya vikombe, gamba kiasi gani kwa kikombe, moshi kiasi gani kwa gamba, na kila mara nakwama pale pale. Namba inayokosekana iko ndani ya chupa ndogo inayokwenda Nairobi.

Nyambura ameamka. Anaomba maji. Nimemuuliza mbuzi wake anaitwa nani, na sasa naweka kalamu chini, ningoje ajibu.