Mama Anarudi Jukwaani Jumamosi

Ghorofa ya pili, juu ya duka la fundi saa,
Jumatano, tarehe 9.

Mpendwa Kaka,

Hujambo huko uliko? Shemeji na watoto nao? Kile kifua chako kimekuachia, au bado unakohoa na kujidai mzima? Sisi hapa tu wazima wa mwili. Nasema wa mwili kwa sababu ya haya nitakayokueleza, nawe tafadhali yasome ukiwa umekaa.

Mama ameacha tamthilia. Ndiyo, baada ya miaka kumi na minne ya kuwa mama mkwe mkorofi wa kila Jumapili. Sokoni bado wanamsema. Juzi muuza nyanya aligoma kumpunguzia bei mpaka amwombe radhi mkwewe wa kwenye televisheni. Akaomba, akaongezewa nyanya mbili.

Watu amewaambia kwamba anataka kumalizia kazi pale alipoianzia, jukwaani, alikoingia akiwa mkata tiketi akapandishwa siku mwigizaji mmoja alipougua. Mchezo unaanza Jumamosi. Sababu ya kweli niliijua nilipokwenda studio kumkusanyia vitu vyake. Nyuma ya birika, kando ya sahani, mgongoni mwa kiti, kote kulibandikwa karatasi zenye maneno yake. Mtunza vifaa akaniambia wamekuwa wakimbandikia kwa miaka miwili. Alisema wanampenda, kana kwamba nilikuwa namlaumu.

Jukwaani hakuna pa kubandika. Kwa kuwa mavazi nayashona mimi, nilimwandikia maneno ya kuanzia ndani ya mikono ya gauni. Kumbe najisumbua bure. Bila miwani hayaoni, na miwani hataki, eti mwanamke anayemwigiza hana miwani.

Sasa sikia ya jana. Katikati ya mazoezi alinyamaza. Halafu akaendelea kwa sauti safi, bila kukwama, ila maneno yalikuwa ya mchezo mwingine kabisa, ule wa mjane na mashemeji zake aliokuwa akiukariri jikoni tukiwa wadogo. Mzee Koti, anayeigiza mumewe, alicheza naye huo pia zamani. Hakupepesa jicho. Akamjibu kwa maneno ya huko huko, akamrudisha taratibu mpaka kwenye mchezo wetu. Mwongozaji, ambaye wakati ule alikuwa hata hajazaliwa, akapiga makofi na kusema wamebuni vizuri, wabaki hivyo hivyo.

Nilicheka na wenzangu, kisha nikaenda kulia kwenye chumba cha mavazi. Mzee Koti akanifuata. Akanikumbusha kwamba sehemu ya pili Mama yuko peke yake jukwaani, ukurasa mmoja na nusu, na hapo hakuna wa kumjibu.

Mama hataki kusikia habari ya daktari. Nikimwambia ile methali ya mficha maradhi kifo humuumbua, ananisahihisha namna ya kuitamka. Nikawa nimebanwa: nikisema, watampa mwingine nafasi yake, nikinyamaza, ataaibika mbele ya ukumbi mzima.

Leo asubuhi nyumbani, nikiwa napinda gauni lake, nilimwambia nitamweleza mwongozaji. Hakukasirika.

"Mweleze," alisema. "Nikisahau kule, nimesahau maneno ya mtu mwingine, na watu watakwenda zao nyumbani wakale. Mimi naogopa hapa." Akaushika mlango wa chumba chako. "Jana nilisimama hapa. Nikajua kuna mtoto wangu alikuwa akilala humu. Jina lake halikuja."

Nimemweleza mwongozaji. Akaagiza kiti cha pili. Mzee Koti atakaa jukwaani naye mpaka mwisho. Kwa hiyo ya Jumamosi siyaogopi sana. Naogopa haya ya nyumbani, Kaka, na naogopa peke yangu.

Mpe shemeji salamu zangu, nao wanangu wambusu shangazi yao hewani. Shangazi yetu mkubwa naye anakusalimu, anasema umenenepa kwenye picha. Mungu akutunze wewe na nyumba yako.

Mpigie Mama kabla ya Jumamosi. Najua hupenda kumchezesha kwenye simu, "Haya, mimi nani?" Safari hii usimwulize. Jitaje jina kwanza, ndipo umwamkie.

Mdogo wako akupendaye,
Kitindamimba