Aliyenifungia Dirisha

Dada yangu,

Nimefika salama, mizigo haikupotea, na chumba ni kizuri. Lakini nina hasira.

Kwenye ndege nilikaa dirishani, kama tulivyopanga. Tulipopaa tu, abiria wa pembeni yangu, mtu mzima na tai yake shingoni, alipitisha mkono mbele ya uso wangu akashusha pazia la dirisha, paa! Hakuomba, wala hakunitazama. Nikamwambia, "Kaka, tafadhali, tunapita juu ya nyumba yetu."

"Mwanga unaniumiza macho," akajibu. "Kwani hujawahi kuona mabati?" Akacheka, akarudi kwenye sinema yake.

Nililisukuma pazia juu kwa nguvu, naye akafoka, lakini nyumba ilikuwa imeshapita; chini kulikuwa na mawingu matupu. Mtu mzima ovyo!

Sasa unaniandikia kwamba Mama, ambaye mwezi mzima hajashuka kitandani, alikataa kushikwa mkono, akatoka mwenyewe uani akatandaza lile shuka jeupe ili nilione kutoka angani, kama anavyofanya kila ninaposafiri. Unasema anauliza kila saa kama nililiona.

Mwambie nililiona. Mwambie na yeye nilimwona, amesimama.

Mdogo wako