Kiatu Ndani ya Tangi

Jumatatu, 3 Februari. Modogashe.

Joto. Kidato cha pili wamenisinzilia kipindi kizima na siwalaumu. Kompyuta mbili zimekufa kwa vumbi. Malori ya Isiolo yanapita tangu asubuhi. Kengele ilipolia nikabaki maabara na gemu yangu mpaka betri ya sola ikaanza kulia.

Gemu imefika pazuri. Mtoto yuko peke yake shuleni, wenzake wameenda, milango imefungwa. Kila mlango una fumbo lake. Nyuma ya mtoto kuna kitu kinamfuata. Hakionekani, kinasikika tu. Hatua moja nzito, kisha mburuzo. Tap, kwaruu. Sauti hiyo niliitengeneza mwenyewe kwa kiatu na mchanga kwenye sinia. Nikiisikia nywele zinanisimama, na ni kazi ya mikono yangu. Leo najisifu, acha nijisifu.

Watu wa mashindano Nairobi wanaitaka Ijumaa ya wiki ijayo. Umebaki mlango wa mwisho.

Jumatano, 5 Februari

Mlango wa mwisho unanishinda. Nimejaribu mafumbo matatu, yote ya kitoto. Mchezaji apitie mabaya yote yale, halafu aokote ufunguo chini ya mkeka? Upuuzi.

Gemu hii ni maisha yangu, niseme ukweli. Baba alikuwa afisa wa mifugo. Akahamishiwa Garissa, nami nikatupwa darasa la nne kati ya watoto ambao sikujua lugha yao. Siku ya kwanza wakaniita Dhegaweyne, masikio makubwa. Huku kila mtu ana jina la kupachikwa, na linatoka kwenye kasoro yako. Hata mzee mwenye heshima zake anaitwa Jicho Moja mbele ya wajukuu, naye anaitikia. Mimi sikujua. Nililia mwaka mzima. Wakanificha madaftari, wakanifungia chooni. Wote nimewatia kwenye gemu, vivuli ukutani. Nimewapa sura mbaya na nimefurahi kufanya hivyo.

Jumamosi, 8 Februari. Garissa.

Nimemwonyesha Hodhan. Tulisoma darasa moja, sasa ni nesi Dadaab, na wa siku zile ndiye pekee ninayeongea naye. Tulikaa mkahawani karibu na stendi, chai ya maziwa ya ngamia. Akavaa hedifoni, akacheza. Vivuli vilimchekesha, akawataja mmoja mmoja. Akafika kwenye tangi la maji nyuma ya madarasa, pale unapotumbukiza ndoo na kuvua vitu: kengele, sahani, rula. Akasimamisha. Akavua hedifoni.

"Huyu anayetembea ni Langare," akasema.

Nikamwambia ni zimwi tu, nimelibuni. Akanitazama vile nesi anavyomtazama mgonjwa anayeapa amemeza dawa.

"Tangi umeweka," akasema. "Kiatu chake kiko wapi?"

Chai sikuimaliza.

Jumapili, 9 Februari

Sikwenda kanisani. Niandike tu, hakuna anayesoma.

Langare ni Kisomali, mtu anayechechemea. Si mimi niliyempa jina hilo, nilimkuta nalo. Mguu wake wa kushoto ulikuwa mfupi, akivaa kiatu chenye soli nene kama tofali. Mtoto mpole. Mara nyingi alinigawia anjera yake, ule mkate mwembamba wa kwao. Siku moja nikamwigiza anavyotembea. Darasa likacheka hadi machozi, na siku hiyo hakuna aliyeniita Dhegaweyne. Nikaona nimepata njia. Nikamwigiza muhula mzima.

Halafu ile siku ya kiatu. Adhuhuri, wote ndani ya msikiti wa shule, viatu vimejipanga mlangoni. Mkristo wa darasa letu nilikuwa mimi tu. Nilibaki nje na viatu vyao. Nikachukua chake, nikakitupa kwenye tangi. Hakuna aliyenituma.

Alienda kwao mguu mtupu kwenye mchanga wa saa saba. Hatua, mburuzo. Nilikuwa nyuma yake njia nzima, maana nyumbani kwetu kulikuwa upande huo huo. Hakugeuka hata mara moja. Shuleni hakurudi tena. Kiatu kilivuliwa baadaye kimeoza, darasa zima likakiona, na mimi nikajisahaulisha.

Kwenye gemu nimemweka yeye nyuma na mimi mbele. Mwongo mkubwa mimi.

Jumanne, 11 Februari

Mlango wa mwisho nimeupata. Unakuuliza jina la anayetembea. Jina alilopewa na wazazi wake, si la kupachikwa. Fumbo zima nimeliandika kwa saa moja. Jibu sina.

Nimempigia Hodhan, hajui. Akauliza watatu tuliosoma nao, hawajui. Wanasema Langare, yule wa Kutulo siku hizi, ana duka la vifaa vya ujenzi. Namba yake ikaja kwenye simu. Imeandikwa Langare.

Jumatano, 12 Februari

Nimepiga saa nne asubuhi, nikiwa sina kipindi. Tukaulizana hali kwanza, mvua, mbuzi, afya, mpaka zikaisha. Nilipomwambia mimi ni Dhegaweyne alicheka kweli kweli, akauliza kama masikio yameongezeka. Nikadhani itakuwa rahisi. Nikasema yote. Kiatu, tangi, mimi.

"Mimi najua," akasema. "Nje ulikuwa wewe beke yako." Hata leo p inamtoka b.

Akanisimulia polepole, bila hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. Kiatu kilishonwa Nairobi. Baba yake aliuza ngamia jike wa maziwa ili kipatikane. Hakumpiga. Alisema tu shule basi, akampeleka Kutulo kwa mjomba, akachunge mbuzi. Langare alikuwa namba mbili darasani. Hata hilo nilikuwa nimelisahau.

Nikaomba msamaha. Akasema alisamehe kitambo, kwa ajili ya Mungu. Ningekata simu hapo ningekuwa mtu. Lakini Ijumaa ilikuwa kichwani. Nikamweleza gemu na mlango, nikamwomba jina lake. Nikamsikia mteja akiuliza bei ya misumari.

"Kiatu ulichukua," akasema. "Jina wacha."

Akanitakia heri, akaenda kumhudumia mteja wake. Naona aibu mpaka mikononi.

Alhamisi, 13 Februari

Hodhan amepiga. Rejista za zamani bado ziko ofisini shuleni kwetu, naibu mwalimu mkuu ni binamu yake, jina litapatikana kwa simu moja. Nikamwambia asipige. Akauliza gemu je. Nikamwambia asipige.

Ijumaa, 14 Februari

Nimeituma. Fumbo la jina nimelifuta. Sasa mchezaji ndiye anayefuata nyuma, na anayechechemea yuko mbele, hageuki. Unavua kiatu tangini, unakiweka mlangoni. Hatua zinakuja kutoka ndani, zinasimama, zinarudi zilikotoka. Mlango haufunguki. Watasema gemu ina kasoro. Waseme.

Jumatatu, 17 Februari

Upepo tangu alfajiri, maabara imejaa vumbi tena. Msichana mmoja wa kidato cha pili amecheza hadi mwisho. Aliweka kiatu, akangoja, akangoja. Akaniuliza, mwalimu, unafunguliwaje? Nikamwambia haufunguliwi. Akakaa pale mpaka kengele.

Asubuhi niliita rejista kwa majina yote, matatu matatu, la mtoto, la baba, la babu. Kwa kawaida naita la kwanza tu. Ilichukua muda, wakacheka matamshi yangu.

Namba ya Kutulo nimeihifadhi kwenye simu. Nimeandika Langare. Sina jina lingine la kuandika.